Maneno ya Mdomo na Maneno ya Karatasi: Jinsi Mkataba Unavyofungika

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ilinitaka nizungumze mbele yenu juu ya jambo moja: ni lini maneno ya watu wawili huwa mkataba ambao mahakama itaushika, na ni lini hubaki maneno tu. Mimi si wakili. Ni karani, na elimu yangu ni ile niliyopewa katika shule ya misheni, pamoja na niliyojisomea katika vitabu vya sheria jioni baada ya kazi. Nilikubali mzigo huu kwa sababu mbili, nanyi mwazijua zote. Ya kwanza ni zile shilingi 40,000 za mfuko wetu ambazo hazijarudi. Ya pili ni kiwanja cha Kawangware alichokikosa mzee wetu mmoja, na katika jambo hilo kosa ni langu. Nitalieleza kabla sijaketi.

Kwa miaka saba nimewaandikia wanachama barua na hati zao, na nimeona jambo moja likijirudia. Twaandika mahali ambapo sheria haikututaka tuandike, na twategemea mdomo mahali ambapo sheria haitausikiliza mdomo. Mtu akiuza cherehani ya zamani aja kwangu tuandike karatasi, tupige muhuri wa chama, na mashahidi wanne watie sahihi. Mtu huyo huyo akinunua kiwanja, au akimdhamini nduguye, washikana mikono juu ya vikombe vya chai, na mambo yamekwisha.

Wengi wetu twaamini kwamba pasipo muhuri, au pasipo sahihi ya chifu, hapana mkataba. Nadhani imani hiyo ina asili yake. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika: Mwafrika akikopeshwa zaidi ya shilingi 200, deni lile halikudaiwa mahakamani isipokuwa limeandikwa na kushuhudiwa na afisa. Yaani neno la mtu mzima, mwenye mke na watoto, halikuwa na uzito mpaka afisa aliangalie. Sheria hiyo imekwisha kuondoka, walakini mazoea yake yamebaki vichwani mwetu. Ilivyo leo ni kwamba mikataba iliyo mingi hufungika kwa maneno matupu. Ukipanda basi pale Kawangware umefunga mkataba. Ukimwambia fundi akushonee sare ya mtoto kwa bei mliyopatana, mmefungana ninyi wawili, bila kalamu wala muhuri.

Sheria inayotutawala katika mambo haya ni Sheria ya Mikataba, iliyoanza kutumika Kenya tarehe 1 Januari 1961. Kabla ya siku ile tulitumia Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka 1872. Sheria ya 1961 ni fupi mno. Yasema tu kwamba tufuate kanuni za mahakama za Uingereza juu ya mikataba, kisha yaongeza masharti yake machache. Ndiyo maana katika hotuba hii mtasikia habari za farasi wa Kiingereza, ingawa hapa Kibera hatuna farasi.

Mkataba huanza na mtu mmoja kutoa shauri lililo wazi, na mwingine kulikubali vile vile lilivyo. Nasema vile vile lilivyo. Twende Soko la Toi. Mwenye koti asema shilingi 800. Wewe wasema 500. Akataa. Watembea hatua kumi, wafikiri, warudi na kusema, "Haya, nipe kwa 800." Je, ni lazima akupe? Si lazima. Ulipotaja 500 uliliua shauri lake la kwanza na ukaweka lako mahali pake. Naye alipolikataa lako, hapakubaki shauri lolote hai kati yenu. Anaweza kusema sasa ni 900, na sheria iko upande wake. Katika koti jambo hili ni dogo. Lakini nimeona mtu akipoteza nyumba ya vyumba vinne pale Makina kwa njia hiyo hiyo. Alijibu barua ya bei kwa kuomba apunguziwe, na baada ya wiki mbili akaja na fedha kamili akidhani bado anangojewa.

Tena, kunyamaza si kukubali. Hapa naomba radhi kwa wazee, maana katika mabaraza yetu asiyepinga huhesabiwa kuwa amekubali, na desturi hiyo yafaa sana kwa baraza. Mahakamani haifai. Mwaka 1862 kulikuwa na shauri huko Uingereza la mzee mmoja aitwaye Felthouse, aliyetaka kununua farasi wa mtoto wa nduguye. Alimwandikia kijana kwamba asiposikia neno zaidi atahesabu farasi ni wake kwa pauni 30 na shilingi 15. Kijana hakujibu, ingawa moyoni alitaka kumwuzia. Farasi akauzwa mnadani kwa makosa, mzee akashitaki, akashindwa. Majaji walisema huwezi kumfunga mtu kwa kimya chake. Kwa hiyo mwanachama akikupelekea ujumbe wa simu kwamba "usiponijibu kufikia Ijumaa nitajua umekubali," wala usipoteze usingizi. Hali kadhalika wewe usipeleke ujumbe wa namna hiyo ukadhani umefunga mtu.

Jambo la pili ni kitu kwa kitu. Sheria hii haishiki ahadi ya bure. Kila upande sharti utoe kitu au uahidi kitu: fedha, kazi, mali, au hata kuacha haki fulani. Haiulizi kama vitu hivyo vyalingana. Ukiuza radio nzuri kwa shilingi mia, ujinga ni wako. Lakini sharti kitu kiwepo. Basi zile ahadi zinazotajwa kwa sauti kubwa kwenye harambee, huyu elfu kumi, yule elfu hamsini, kwa kawaida ni zawadi zilizoahidiwa, na asiyetoa hashitakiki kwa urahisi. (Mweka Hazina anacheka, maana orodha anayo.) Vile vile shukrani za baadaye hazifungi. Ukinisaidia kuhamisha vyombo vyangu leo kwa hiari yako, na kesho nikakuahidi shilingi 2,000 kwa wema wako, nisipokupa nitakuwa mtu mbaya, lakini si mdeni mbele ya sheria. Kazi ilikwisha kabla ya ahadi.

Lazima pia wawe na nia ya kufungwa kisheria. Mume na mke wanaopatana habari za fedha za sokoni hawana nia hiyo, wala majaji hawapendi kuingia jikoni mwa watu. Mwaka 1919 mahakama ya Uingereza ilikataa kumsikiliza mama mmoja aliyeahidiwa na mumewe pauni 30 kila mwezi wakati mume alipokuwa akifanya kazi Ceylon. Sikusomei habari hii ili waume mfurahi. Sheria za ndoa na matunzo ya watoto ni mlango mwingine kabisa, na mlango huo uko wazi.

Na mwisho wa sehemu hii, anayefunga mkataba awe na uwezo. Tangu mwaka 1974 umri wa mtu mzima katika Kenya ni miaka 18. Anayemkopesha simu kijana wa miaka 16 ajue kwamba mahakama haitamsaidia kudai, isipokuwa katika vitu vya lazima kwa maisha ya kijana yule.

Sasa nafika mahali penye maumivu. Nimesema mdomo watosha katika mambo mengi. Yako machache ambayo hautoshi, na ni hayo hayo tunayoyafanya kwa mdomo.

La kwanza ni bidhaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 1931, yasema kwamba bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hazidaiwi mahakamani ila kwa mojawapo ya mambo haya: mnunuzi awe amekwisha kupokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arubuni, au amelipa sehemu ya bei, au iwepo karatasi yenye sahihi ya yule anayeshitakiwa. Mwaka 1931 shilingi 200 zilikuwa mali ya tajiri. Leo hazimtoshi mtu kununua kuku, na kiasi hicho hakijabadilishwa. Kwa hiyo wanachama wenye kuagiza mbao na mabati, toeni arubuni, japo shilingi 500, na mzipeleke kwa simu ili ubaki ujumbe wa M-Pesa. Arubuni ni neno la babu zetu kabla ya kuwa neno la mahakama, na hapa sheria na babu zetu wamepatana.

La pili ni ardhi. Mkataba wa kuuza ardhi sharti uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo wakati sahihi ile ikitiwa. Sharti hili lilikazwa tarehe 1 Juni 2003, na likarudiwa katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Asiyejua kuandika aweza kutia alama yake, nayo yatosha, maadamu alisomewa akaelewa.

Lakini kabla ya karatasi, ulizeni kwanza muuzaji ana nini cha kuuza. Na hapa Kibera na Kawangware si mahali pamoja. Kibera ilianza kuwa makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles, na mwaka 1918 serikali ilitangaza ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Askari walipewa ruhusa ya kukaa na kulima. Hawakupewa ardhi iwe mali yao. Mpaka leo sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi walipata hati ya ekari 288, nayo ni ya jamii nzima, si ya mtu mmoja mmoja. Basi anayekuuzia "ploti" pale Laini Saba akuuzia kuta, mabati, na haki yake ya kukusanya kodi, pamoja na matumaini. Huenda ni biashara halali. Lakini karatasi iseme hivyo, kwamba ni jengo lauzwa, isiseme kwamba ni ardhi, maana mtu hawezi kuuza asicho nacho, hata kama mashahidi ni ishirini na chifu yupo.

Kawangware ni habari nyingine. Ile ilikuwa upande wa mashamba ya Wakikuyu wa Kiambu kabla mipaka ya mji haijapanuliwa, na ardhi yake nyingi ina hati za watu binafsi. Pale ardhi yenyewe yaweza kununuliwa. Kwa hiyo kutazama rejista ni lazima, na tangu mwaka 2021 hilo lafanyika hata kwa njia ya Ardhisasa. Na wanaonunua mashamba nyumbani wasisahau ile sheria ya mwaka 1967: ardhi ya kilimo yataka ruhusa ya Bodi ya Ardhi, na ombi lipelekwe kabla ya miezi sita tangu mkataba kufungwa. Miezi sita hupita upesi kwa mtu anayepata likizo mara moja kwa mwaka.

Sasa kosa langu. Mzee wetu huyo yumo humu, na ameniruhusu niseme pasipo kumtaja. Alitafuta kiwanja kidogo Kawangware kwa shilingi 350,000, ambazo ni malipo yake ya kustaafu. Hati ya muuzaji ilikuwa safi, rejista ilitazamwa. Karatasi niliiandika mimi, na nasema pasipo majivuno kwamba iliandikwa vizuri. Siku ya Jumamosi walikutana hotelini, muuzaji akatia sahihi, mzee akatia sahihi, fedha zikahesabiwa. Mimi sikuwapo, nilikuwa na zamu kazini. Jumapili baada ya ibada mzee aliniletea karatasi nyumbani, akanionyesha mahali palipoandikwa "Shahidi". Nikatia sahihi yangu, na nikaandika tarehe ya Jumamosi. Niliona ni adabu. Kumwambia mzee wa umri ule kwamba sitatia sahihi kungekuwa kama kumwambia ni mwongo.

Baada ya miezi mitano muuzaji alipata mtu wa kumpa zaidi, akaanza kukana. Tulipofika kwa wakili, huyo wakili alisoma karatasi mara mbili, kisha akaniuliza swali moja tu: "Bwana Karani, ulimwona kwa macho yako akitia sahihi?" Nilitazama chini. Kama ningesema ndiyo, ningekwenda kuapa uwongo mahakamani. Nikasema sikumwona. Wakili akafunga jalada. Alituambia kwamba kwa karatasi ile hatuwezi kuidai ardhi, lakini fedha twaweza kuzidai zirudi. Mpaka leo mzee amerudishiwa shilingi 210,000, kwa mafungu, bila riba, na bei za viwanja hazikumngojea. Nimekwisha kumwomba msamaha nyumbani kwake, naye alinipa chai. Leo namwomba mbele yenu.

La tatu ni dhamana. Kuahidi kulipa deni la mtu mwingine hakushikwi na sheria ila kwa maandishi yenye sahihi ya mdhamini mwenyewe, au ya mtu aliyempa madaraka ya kumtilia sahihi. Mwakumbuka kijana aliyekopeshwa na mfuko wetu shilingi 40,000 aongezee fedha za pikipiki. Mjomba wake alisimama katika mkutano huu huu, akasema asipolipa kijana atalipa yeye, tukapiga makofi. Niliandika maneno yake katika kumbukumbu za mkutano, na Mwenyekiti akatia sahihi. Mjomba hakutia, kwa kuwa hakuna aliyemwomba. Kijana alihama, na pikipiki akaenda nayo. Mjomba, aliyekuwa mtu wa neno lake, angelipa bila shaka. Lakini aliugua, na kabla ya mwaka kwisha tulimzika.

Baadhi yenu mlitaka tuwadai watoto wake siku ya matanga. Nilipinga, nikaambiwa nawapendelea. Sasa nataja sababu: deni la dhamana halikuwapo mbele ya sheria hata marehemu alipokuwa hai, basi haliwezi kurithiwa. Tungesimama mbele ya kaburi kudai kitu ambacho sisi wenyewe, kwa uvivu wa kutafuta kalamu, hatukukifunga. Kama watoto watapenda kulitimiza neno la baba yao, hiyo ni heshima yao, wala isiwe kwa vitisho vya chama. Kijana mwenyewe ndiye mdeni wetu: alipokea fedha, na ahadi yake ya kuzirudisha ilifungika siku ile kwa mdomo. Twaweza kumdai kwa muda wa miaka sita tangu siku aliyopaswa kulipa.

Habari za kodi ya nyumba nitazipitia upesi. Kupanga chumba mwezi kwa mwezi kwa maneno tu ni halali. Na akina mama wenye maduka Kawangware wasiogope kwamba hawana karatasi, maana hapa sheria imegeuka kinyume cha mazoea: ile ya mwaka 1965 juu ya maduka na hoteli humlinda hasa yule asiye na mkataba wa maandishi, pamoja na mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba sharti ampe notisi katika fomu iliyowekwa, isiyopungua miezi miwili, na mpangaji aweza kuipinga mbele ya baraza la sheria hiyo. Anayekufungia duka kwa kufuli la usiku avunja sheria.

Na wenye madai ya fedha wasikate tamaa kwa sababu ya gharama za mawakili. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai ya bidhaa, kazi na fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mtu aweza kujisemea mwenyewe. Na sheria yataka shauri liamuliwe katika siku 60. Dai la kijana wetu laweza kwenda huko, na naiomba Halmashauri iamue leo.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, nimechapa fomu za aina mbili, nazo ziko mezani kwa Mweka Hazina. Moja ni ya mdhamini, ina mistari sita tu, na kuanzia mkopo ujao naomba isitoke shilingi hata moja kabla mdhamini hajatia sahihi au alama yake. Ya pili ni ya shahidi. Mimi nitakuwa katika chumba chetu cha Makina kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mpaka saa kumi na moja. Anayetaka sahihi yangu aje na mwenziwe, watie zao nikiwaangalia. Atakayeniletea karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi nitamkataa, awe rika langu au awe mzee wangu, na nawaombeni msinione sina adabu.

Namwona mzee wa Gatwekera ameinua mkono tangu nilipotaja arubuni. Mzee, nakusikiliza.